Fonti za slabu: jinsi ya kuzitambua, kuzichagua na kuzitumia kwenye salfeti, vibao na mihuri

Wadau wa steshenari, wachora vibao na nyie vijana mnaoprinti fulana na salfeti kuanzia Mwanjelwa mpaka Mafinga, leo naongelea ukoo mmoja tu wa fonti, zile ambazo herufi zake zina miguu minene iliyokatwa mraba, jina lake kamili ni slabu serifu ila mi nitasema slabu twende haraka. Nimeamua kuandika kwa sababu huku Nyanda za Juu kuna kazi ambazo slabu inaziweza kuliko fonti nyingine yoyote na watu hawaitumii, halafu kuna kazi ambazo haiziwezi kabisa na huko ndo wanailazimisha.

Anza na kuitambua. Fungua Word uandike I kubwa mara tatu. Ya kwanza weka Arial, utaona mstari umesimama tupu. Ya pili weka Times New Roman, mstari uleule ila juu na chini umeota vikucha vyembamba. Ya tatu weka Rockwell, hii inakuja na Office ya Microsoft, watu kibao wanayo kwenye kompyuta na hawajawahi kuigusa, hapo utaona juu na chini pana kipande kinene, unene wake karibu sawa na mstari wenyewe. Hiyo ya tatu ndo slabu. Herufi imevaa gambuti, na ukishaliona mara moja utaanza kuliona kila sehemu: neno HONDA kwenye jenereta na pampu za maji, SONY kwenye redio ya mzee, VOLVO kwenye malori yanayopanda Kitonga, hata nembo ya IBM ile yenye mistari iliyochorwa na Paul Rand ni ya ukoo huohuo.

Usiishie hapo lakini, maana slabu hazifanani na mafundi wengi wakishajua jina tu wanachukua yoyote iliyo nene. Angalia vitu viwili. Cha kwanza, pale mguu unapoungana na mstari wa herufi, kuna pembe kali kama ya mraba au kona imezibwa kwa mviringo? Cha pili, unene wa mistari, chukua n na o ndogo uzikuze mpaka zijaze kioo, unene ni uleule mzunguko mzima au kuna sehemu unapungua?

Ukikuta pembe kali, unene sawa kote na o ambayo ni duara la bikari, hiyo ni slabu ya kijiometri. Rockwell iliyotolewa na Monotype mwaka 1934 iko hapo, na Memphis ya Rudolf Wolf iliyotoka Ujerumani 1929 iko hapo pia. Zina sura ya kiwanda, safi, zimenyooka, baridi kidogo. Gereji, duka la vipuri, vifaa vya ujenzi, mafundi umeme, hapo weka bila wasiwasi.

Ukikuta kona imezibwa na mistari inapungua unene kidogo sehemu za maungio, hiyo ni ya mtindo wa Clarendon, na kiukweli hizi ndo ninazozipenda. Clarendon yenyewe ilitoka London mwaka 1845 kwenye kiwanda cha Robert Besley, waliisajili chini ya sheria ya kulinda michoro ambayo ilikuwa bado mpya, ulinzi ulikuwa wa miaka mitatu tu na ulipoisha kila kiwanda kikachonga ya kwake. Kazi yake ya mwanzo haikuwa mabango, ilikuwa ni ile ya kutia neno nene katikati ya maandishi ya kawaida, mfano neno linaloelezwa kwenye kamusi, kwa hiyo imezaliwa ikijua kukaa na wengine. Marekani walikuja kuitumia miaka mingi kwenye vibao vya barabarani vya hifadhi zao za taifa. Ina uzito ila haina ukali. Kwa kahawa ya Mbozi, chai, asali, maparachichi ya Rungwe, lodge ya wageni wanaoenda kuona maua Kitulo, sijaona inayoishinda.

Aina ya tatu ni ya taipureta, Courier ndo inajulikana, Howard Kettler aliichora kwa ajili ya mashine za IBM miaka ya 1950. Pale kila herufi inapewa nafasi sawa, i na m zinalipa nauli moja, ndo maana i imeota miguu mirefu ili ijaze kiti chake na m imebanwa. Kwenye kibao inapwaya vibaya, usijaribu. Faida yake iko kwenye namba: ukipanga bei kwenye safu zinasimama mstari mmoja, elfu chini ya elfu, mia chini ya mia, bila kuhangaika na nafasi. Orodha ya bei ya pembejeo, daftari la vikoba, karatasi ya kupokelea mazao, Courier inatosha sana. Na kama unaandika skripti ya muvi, huko duniani wanaandika kwa Courier ya saizi 12 kwa sababu ukurasa mmoja unakaribia dakika moja ya picha, hii nimeiweka tu kwa wale jamaa wa Iringa wanaoshuti.

Halafu kuna zile nene kupitiliza, na hizi ndo mababu wa ukoo. Vincent Figgins, mchonga herufi wa London, alizionyesha kwenye kitabu chake cha sampuli kwenye 1815 hivi. Kipindi hicho matangazo ya bahati nasibu, maigizo na bidhaa yalikuwa yanagombania ukuta mmoja, na herufi zilizokuwepo zilichongwa kwa ajili ya vitabu, mtu anasoma akiwa amekishika mkononi, sasa ukizikuza zikae ukutani zile sehemu nyembamba zinapotea. Wakanenepesha kila kitu mpaka miguu. Yaani slabu imezaliwa kwa ajili ya kuonekana kwa mbali kwenye mazingira ya fujo, sasa niambie stendi ya Kabwe saa kumi na mbili asubuhi ina tofauti gani na hapo. Kwa fonti za bure Alfa Slab One ndo inafuata njia hiyo.

Wakati huohuo Ulaya ilikuwa imepagawa na mambo ya Misri baada ya Napoleon kwenda huko 1798, kwa hiyo slabu nyingi zimebeba majina ya Kimisri, Memphis, Karnak na kadhalika, ukikutana na jina la namna hiyo kwenye orodha ya fonti ifungue uone. Isipokuwa Cairo ile ya Google, hiyo haina miguu. Na Papyrus, ambayo nayo sio slabu, tafadhali usiniletee.

Salfeti

Hapa ndo nataka nikae, maana mchele, maharage, viazi, mahindi, vyote huku vinasafiri kwenye salfeti na jina la mwenye mali liko pale juu kwenye salfeti, sio kwenye instagramu. Mama mmoja wa mchele aliniambia, "Mwanangu, mi nataka mzigo wangu ukiwa juu ya fuso watu wajue ni wa kwangu," na hayo ndo maelekezo bora niliyowahi kupewa na mteja.

Chukua salfeti tupu uitazame kwa karibu. Imesukwa kwa tepe za plastiki, tepe moja ina upana wa milimita mbili au tatu hivi, na kati ya tepe na tepe kuna kabonde. Wino ukipita unashika juu ya tepe unaruka bonde. Sasa mstari wa herufi ukiwa mwembamba kuliko tepe moja, bahati yake ikiangukia kwenye bonde umepotea, na ndo maana mchele wenye jina la Times New Roman unakuta H imekuwa vijiti viwili vimeachana, kile kimstari cha katikati hakipo. Kanuni ninayoifuata mimi ni kwamba sehemu nyembamba kuliko zote kwenye herufi iwe angalau mara mbili ya tepe, kwa hiyo usishuke chini ya milimita sita. Slabu ya kijiometri inakupa hiyo bila shida kwa sababu haina sehemu nyembamba, Clarendon inabidi upime.

Kupima ni hivi: andika jina kwa saizi halisi itakayokuwa kwenye salfeti, printi vipande vipande kwenye A4, ungia na selotepu, chukua rula upime ile sehemu ya herufi iliyo nyembamba zaidi. Usipime kwenye kioo cha kompyuta, kioo kinadanganya.

Ukishamaliza unene angalia upande wa pili, matundu. Kiswahili kimejaa a, hakuna sentensi utakayokwepa, kwa hiyo ukichagua fonti kwa kazi ya Kiswahili usianze na jina wala umbo la jumla, anza na a ndogo. Angalia lile tundu la chini la a na jicho la e. Wino kwenye salfeti unatambaa kidogo na tundu dogo linaziba, herufi inabaki doa. Andika neno parachichi kwa Alfa Slab One halafu uliandike kwa Roboto Slab ya boldi uyalinganishe, utaona kwenye ile ya kwanza matundu ya a yamebanwa na miguu ya p, r na h inakaribia kugusana, kwenye ile ya pili kuna hewa. Nene sio lazima isomeke, kwenye maandishi madogo ni kinyume chake kabisa. Alfa Slab One itumie kwa herufi kubwa tupu na neno fupi, KYELA, USANGU, MBOZI, hapo inapiga kweli.

Kama unatumia stensili ya kukata, iwe ya boksi au ya plastiki, kumbuka A, B, O, P, R na D zina vipande vya ndani vitakavyodondoka usipoacha daraja, yaani kijipande kisichokatwa kinachovishikilia. Daraja kwenye slabu liweke juu na chini kwenye O na D, kwenye A likate ule mstari wa mshazari pembeni ya lile tundu la juu, na usikate daraja kwenye miguu ya herufi kwa sababu miguu ndo inayomwambia msomaji hii ni nini hata wino ukichafuka. Upana wa daraja usipungue milimita nne, boksi likilowa rangi daraja jembamba linakatika baada ya salfeti chache na unaanza upya.

Kwenye salfeti maneno makubwa yawe mawili tu, jina na uzito. KG 25 iwe kubwa, mnunuzi anaitafuta hiyo. Namba ya simu weka saizi ya kati kwa fonti isiyo na miguu, mfano Open Sans ya boldi, usiweke slabu kila kitu, slabu mbili tofauti kwenye kazi moja ndo kabisa usithubutu, zinafanana nusu na kutofautiana nusu na macho hayajui yashike lipi.

Kibao cha barabarani

Kuna kanuni ya wachora mabango ambayo ni rahisi kuikumbuka, kila mita tatu za umbali zinataka sentimita 2.5 za urefu wa herufi ili isomeke vizuri. Kibao cha kusomwa mita 30 kinataka herufi za sentimita 25. Sasa fanya hesabu ya barabara ya TANZAM: gari linaloenda 50 kwa saa kwenye kijiji linakula karibu mita 14 kila sekunde, kibao kinachosomeka kuanzia mita 60 dereva anakipata kwa sekunde nne na kidogo tu, na hapo herufi zako zinatakiwa ziwe za nusu mita. Kwa hiyo ile habari ya kuorodhesha huduma kumi na mbili kwenye kibao cha gereji, nani atasoma? PANCHA. MATAIRI. Basi.

Ukungu nao una mambo yake. Ukipita Isyonje asubuhi utaona kibao cha herufi nyembamba kinakuwa kivuli mpaka ukifikie, na kibao cha herufi nene sana nacho kinakuwa doa jeusi, jina hulioni ila unajua pana kibao. Kinachosomeka ni unene wa kati wenye matundu ya wazi na nafasi kubwa kati ya herufi na herufi. Niseme ukweli, kwa vibao vya kuelekeza magari fonti isiyo na miguu ndo inashinda, ila kwa kibao cha biashara ambacho unataka mtu akumbuke sura yake, slabu ya wastani inafaa na watu hawatakuchanganya na jirani yako aliyeweka Arial.

Wale mnaochora kwa mkono slabu ni rafiki yenu pia. Brashi bapa ikishuka mara moja umepata mstari, ukiilaza mara moja umepata mguu, hakuna mahali pa kukaza pumzi kuchonga ncha kama kwenye herufi za vikucha. Piga mistari minne ya penseli, miwili ya juu na miwili ya chini, nafasi kati ya kila jozi ndo unene wa miguu, halafu miguu yote iishie humo. Ukitaka mtindo wa Clarendon malizia kona kwa brashi ndogo baada ya rangi kushika.

Halafu kuna kitu cha huku kwetu ambacho sijaona mtu akikisema. Majina ya sehemu zetu mengi yanaanza na I: Ilula, Ilembula, Igurusi, Igawa, Iyunga, Ilomba, Ilemi. Andika Ilula kwa Arial uone, I kubwa na l ndogo ni mstari uleule, mgeni anasoma "llula" au hajui kabisa aanzie wapi. Iandike kwa slabu, I ina miguu pande zote juu na chini, l ina kamguu ka juu upande mmoja, hakuna ubishi. Hivyohivyo kwa moja: kwenye lipa namba na namba za simu, 1 ya slabu juu ina kibendera upande mmoja tu, haichanganyiki na I kubwa, ila na l ndogo zinaweza kufanana kwa hiyo zilinganishe kwanza. Sifuri na O bado uangalie mwenyewe, slabu nyingi hazijatatua hiyo.

Kubana, kuachia na ile alama ya ng'

Slabu inakula upana kuliko fonti nyingine kwa sababu ya miguu, na Kiswahili kina maneno marefu, weka USAFIRISHAJI au USAMBAZAJI WA PEMBEJEO kwenye kibao cha mita mbili uone kinavyogoma. Anachofanya mtu ni kushika kona ya maandishi na mausi na kuyabana yaingie. Usifanye hivyo kwa slabu hata siku moja. Ukibana kwa upana, mistari ya kusimama inakuwa myembamba lakini miguu na mistari ya kulala inabaki na unene wake, matokeo yake herufi inakuwa na miguu minene kuliko mwili, sura ya matangazo ya sarakasi na ya makauboi. Ule ni mtindo kweli upo, London waliutoa mwaka 1821 kwa makusudi na unaitwa wa Kiitaliano, ila kwa ofisi ya mwanasheria pale Mafiati haukubaliki. Badala ya kubana punguza maneno, PEMBEJEO iwe kubwa na "tunasambaza jumla na rejareja" iwe ndogo chini yake kwa fonti isiyo na miguu, au gawa mistari miwili, au tafuta fonti iliyochorwa nyembamba toka mwanzo.

Nafasi kati ya herufi kompyuta inakupangia lakini kwenye herufi kubwa za slabu usiiamini. Mfano mzuri ni neno KAHAWA. K na A zinakutanisha miguu chini, H na A hivyohivyo, kwa hiyo pale hazisogei zaidi. Ila A na W, mguu wa A uko chini na wa W uko juu, kati yao pamebaki uwazi mkubwa wa mshazari, ukiliacha lilivyo linasomeka KAHA WA. Anza na K-A na H-A, acha miguu isigusane ila ikaribiane, halafu vuta W iingie juu ya mguu wa A mpaka uwazi ulingane kwa macho, na A ya mwisho nayo ivute chini ya bawa la W. Geuza kazi juu chini ukiitazama, ukiacha kusoma neno utaona mapengo vizuri zaidi. Hii nafanya kwa kila nembo na haichukui hata dakika tano.

Sasa ng'. Ng'ombe, Nyang'oro, ng'ambo, bucha zote za nyama zinaihitaji. Maandishi ukiyatoa WhatsApp ukayabandika kwenye CorelDRAW ile alama mara nyingi inakuja imenyooka wima, kwenye slabu nene inaonekana kama kigingi kimechomekwa katikati ya neno. Inayotakiwa ni ile ya kupinda inayoendana na fonti, shika Alt uandike 0146 kwenye namba za pembeni ya kibodi, imeisha. Halafu vuta g na o zisogee kidogo maana fonti nyingi zinaacha pengo kubwa baada ya ile alama.

Rangi sina mengi. Giza juu ya mwanga, au mwanga juu ya giza ila hapo punguza unene hatua moja, kwa sababu nyeupe juu ya nyeusi inaonekana imevimba.

Wapi usiiweke

Tangazo la msiba. Slabu nene inapiga kelele na pale hapatakiwi kelele. Kadi ya harusi nayo hapana, isipokuwa umechukua nyembamba kama Josefin Slab ambayo ina umaridadi wake, na hata hapo majina ya maharusi tu. Maandishi marefu madogo, katiba ya kikundi, mkataba wa shamba, kitabu cha masomo, slabu nyingi zinachosha macho ukurasa wa pili. Zipo zilizochorwa kwa kusomwa muda mrefu, Caecilia ilikuwa ndo fonti ya kawaida kwenye Kindle za mwanzo na watu walisoma vitabu vizima, na Bitter ilichorwa kwa ajili ya vioo, kwa hiyo nisiseme haiwezekani, ila Rockwell kurasa kumi utamtesa msomaji.

Za bure zinazotosha kuanzia ziko Google Fonts na zinaruhusiwa kwa biashara: Roboto Slab ndo ya kazi zote, ina unene mwingi kuanzia nyembamba sana mpaka nene sana, ukiwa na hiyo moja umepona. Rokkitt ukitaka kitu cha karibu na Rockwell. Besley ukitaka harufu ya Clarendon, jina wamempa yule mzee wa 1845. Zilla Slab ilitengenezwa kwa ajili ya Mozilla, nzuri kwa vipeperushi. Arvo imetulia ila ina unene wa aina mbili tu. Acha kupakua kutoka zile tovuti za ovyo, nusu ya fonti za kule zina namba mbovu au hazina ile alama ya kupinda kabisa.

Kupeleka kazi kiwandani

Ukishamaliza hifadhi nakala mbili. Moja iache maandishi yakiwa maandishi, ili mteja akirudi kubadilisha namba ya simu usianze upya. Nyingine geuza herufi ziwe michoro, CorelDRAW ni Ctrl+Q, Illustrator ni Ctrl+Shift+O, na hiyo ndo unayopeleka. Usipogeuza, kompyuta ya kule kama haina fonti yako inaweka yoyote iliyonayo, na mzigo wa mabango unatoka una sura nyingine huku umeshalipia.

Kwa mihuri kuna tahadhari ya peke yake. Mpira wa muhuri unanenepesha kila kitu kwa sababu wino unatoka pembeni ya herufi, kwa hiyo chagua slabu ya kawaida au nyepesi, boldi hapana, ikigongwa itakuwa boldi yenyewe. Na maandishi yanayozunguka duara miguu inabanana upande wa ndani na kuachana upande wa nje, ongeza nafasi mpaka ya ndani isigusane hata kama kwenye kioo inaonekana imeachia sana. Kabla hujampa fundi akate, printi kwa saizi halisi, toa fotokopi ya ile printi, halafu fotokopi ya fotokopi. Kama jina la kikundi na namba ya TIN bado vinasomeka kwenye ile ya tatu, mruhusu akate.